Tarehe, Saa, Upepo: Siku Tano na Eugène Boudin Pwani ya Normandie

Jumapili, 5 Oktoba. Saa 5 asubuhi, Le Havre. Upepo wa magharibi, una nguvu.

Kuianza siku namna hii nimejifunza kwa mchoraji. Eugène Boudin alikuwa akitoka nje na pasteli zake, vijiti vya rangi kavu kama chaki, kuchora anga la pwani ya Normandie, kaskazini mwa Ufaransa, na pembeni mwa karatasi aliandika mambo matatu: tarehe, saa na upepo. Mshairi Charles Baudelaire aliiona michoro hiyo kwa Boudin kule Honfleur mwaka 1859, akaisifu kwa maandishi na kutoa mfano mmoja: 8 Oktoba, saa sita mchana, upepo wa kaskazini-magharibi. Tena akasema kwamba hata ukiyafunika maandishi kwa kiganja, wingu lenyewe litakuambia majira, saa na upepo.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza, aliyenijia akilini ni baba mdogo. Alikuwa nahodha, jahazi lake likienda na kurudi kati ya Pangani na Unguja. Mpaka leo, ingawa magoti hayamruhusu tena kupanda chombo, kila alfajiri hutoka uani, huinua uso, husema "leo matlai" au "kusi imeanza kulegea", ndipo huuliza chai. Hakuandika hata siku moja. Mimi maisha yamenileta Ufaransa, natengeneza fremu za picha kwenye karakana moja kitongojini mwa Paris, na huku nimemkuta mtu aliyeandika.

Kwa hiyo nimechukua likizo ya siku tano. Naanzia Le Havre alikokulia, navuka mdomo wa Mto Seine kwenda Honfleur alikozaliwa, namalizia Trouville na Deauville. Tarehe 8 Oktoba saa sita mchana nataka niwe nimesimama Honfleur nikitazama juu. Hayo tu.

Treni kutoka kituo cha Saint-Lazare inachukua saa mbili na dakika kidogo. Ukishuka Le Havre usitegemee kuuona mji wa Boudin. Septemba 1944 mabomu ya ndege za Uingereza yaliusawazisha na ardhi, na mji uliopo leo ni wa zege, umejengwa upya chini ya msanifu Auguste Perret, barabara pana, majengo ya mistari iliyonyooka. Tangu 2005 umo katika orodha ya UNESCO. Kilichobaki kama alivyokiacha kipo juu, na leo kinakimbia kuelekea mashariki kwa kasi.

Makumbusho ya sanaa, MuMa, ni jengo la vioo lililosimama mdomoni kabisa mwa bandari. Umesimama mbele ya picha ya meli, ukigeuka unaiona meli ya kontena inapita dirishani, kubwa kuliko jengo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa Boudin. Alipofariki mwaka 1898, nduguye Louis alikabidhi mji huu zaidi ya michoro 200 iliyokutwa kwenye studio, na wameipanga kwa wingi ukutani, fremu kwa fremu. Ng'ombe ni wengi ajabu: ng'ombe wamelala, ng'ombe wa mgongo tu, ng'ombe ambaye ni mabaka manne ya rangi na bado unajua ni mzito. Halafu mawingu.

Mimi kazi yangu inanifundisha kutazama kingo kwanza. Katikati ya picha mchoraji anajua anatazamwa, kingoni anajisahau. Kwenye kipande kimoja cha anga, pembe ya chini, brashi imepita mara moja tu, rangi ya kijivu ikiwa bado mbichi juu ya nyeupe, na nywele za brashi zimeacha mifereji myembamba kama mchanga maji yanapopwa. Hakurudi kulainisha. Hakuwa na muda, maana wingu halikai. Katika daftari zake Boudin aliandika kwamba kinachochorwa papo hapo, mbele ya kitu chenyewe, kina nguvu na uchangamfu usioweza kupatikana tena ndani ya studio. Pale kingoni niliyaona maneno yale yakiwa kazini.

Nilikaa mpaka jioni. Picha kubwa aliyoipeleka kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1859, ya mahujaji huko Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, nayo ipo hapa. Ni kazi nzuri ya kijana anayetaka kukubalika. Niliipita haraka nikarudi kwenye mawingu.

Jumatatu, 6 Oktoba. Saa 4 asubuhi, Rouelles. Upepo wa magharibi, umepungua. Manyunyu.

Makumbusho hufungwa Jumatatu, nikapanda basi kwenda Rouelles, ukingoni mwa mji. Siku hizi ni bustani kubwa ya wazi yenye miti, majani mabichi na kijito. Mwaka 1858 Boudin, akiwa na miaka 34, alimleta huku kijana wa miaka 17 aliyekuwa akijulikana Le Havre kwa kuchora vikatuni vya wakubwa wa mji na kuviuza. Kijana hakutaka kuja. Hakupenda picha za Boudin, na vikatuni vilikuwa vinamlipa. Boudin alimsihi tena na tena mpaka akakubali. Wakaketi, Boudin akaanza kupaka rangi, na yule kijana akasimulia baadaye kwamba ilikuwa kana kwamba pazia limepasuka mbele ya macho yake. Jina lake Claude Monet. Mchoro alioufanya hapa, wa kijito na miti mirefu, leo uko Japani.

Monet hakuficha deni hilo. Alisema wazi kwamba kama amekuwa mchoraji, ni kwa ajili ya Boudin. Ninaloumia nalo ni sisi tuliobaki. Uliza habari za Boudin, mtu atakujibu "mwalimu wa Monet", basi, mazungumzo yamekwisha. Mtu ameishi miaka 74, ameacha maelfu ya picha na michoro, halafu anatajwa kama ngazi ambayo mwingine alipandia. Mwaka 1874, Monet na wenzake walipofanya maonyesho yao ya kwanza, yale yaliyowapatia jina la waimpreshenisti, Boudin alikuwa miongoni mwao. Hakushiriki tena baada ya hapo. Alirudi kwenye fukwe zake. Wenzake walikuwa wanatafuta namna mpya ya kuona; yeye alikuwa na kitu cha zamani zaidi, na ndicho ninachokifuata.

Baba yake alikuwa baharia. Boudin alizaliwa Honfleur tarehe 12 Julai 1824, na akiwa mtoto alitumikia kwenye chombo cha baba yake kwenye maji haya haya ya mdomo wa Seine. Familia ilihamia Le Havre mwaka 1835. Shule aliiacha mapema, akawa karani kwa muuza karatasi, na mwaka 1844 akafungua na mwenzake duka la karatasi, kalamu na fremu. Naam, fremu! Wachoraji waliopita pwani walileta kazi zao kufremiwa, zikawekwa dirishani, na ndivyo alivyokutana na watu kama Jean-François Millet, Constant Troyon na Eugène Isabey. Akiwa na miaka 22 hivi aliliacha duka akashika brashi. Mwaka 1851 mji wa Le Havre ulimpa fedha za kusoma Paris kwa miaka mitatu.

Mimi ninapofikiri juu yake sioni mwanafunzi wa Paris. Namwona yule mtoto kwenye chombo, ambaye kabla hajajua kushika penseli alikwisha fundishwa kwamba anga hutazamwa kwa sababu maisha yanalitegemea. Dalili ya mvua ni mawingu, tunasema kwetu, na tumeisema mara nyingi mpaka imekuwa methali ya darasani. Kwa mtu wa chombo si methali. Ni habari.

Manyunyu yakawa mvua. Nilirudi mjini nimelowa mpaka soksi, daftari nimelificha tumboni.

Jumanne, 7 Oktoba. Saa 8 mchana, Honfleur. Upepo wa kusini-magharibi, wa wastani. Mwezi mpevu usiku wa leo, kwa hiyo bamvua, maji makubwa.

Basi la kwenda Honfleur linapita juu ya Pont de Normandie, daraja lililofunguliwa 1995, ambalo nafasi ya kati ya nguzo zake mbili ni mita 856. Linapanda kama linataka kukuacha angani, na kule juu, kwa dakika moja hivi, unaona kila kitu: mto wa rangi ya chai ya maziwa ukifunguka kuwa bahari, matope, kreni za Le Havre upande mmoja, vilima vya kijani upande wa pili. Baba yake Boudin alivuka hapa kwa tanga.

Honfleur ni mji mdogo na mzuri, na wageni wanaujua, hata Oktoba. Nyumba nyembamba ndefu zimebanana kuizunguka bandari ya zamani, mapaa na kuta zimevikwa vigae vya kijivu, na kila mgahawa unauza kome. Nilipita haraka. Nilichotaka kukiona kwanza ni kanisa la Sainte-Catherine, kwa sababu nilisikia limejengwa kwa mbao na mafundi wa meli katika karne ya 15. Ni kweli, na ukiingia unajua bila kuambiwa. Inua macho: dari ni matumbo mawili ya vyombo vilivyopinduliwa, yamelala bega kwa bega, mataruma yote yanaonekana, mti wa mwaloni uliosawazishwa kwa shoka. Nimekua nikiona jahazi likiwa juu ya magogo pwani linasubiri kalafati, na mafundi wamekaa kivulini chini yake. Nilikaa kwenye benchi shingo nyuma kama mtoto. Mnara wa kengele umejengwa peke yake, ng'ambo ya uwanja.

Nilipotoka nilisimama ukingoni mwa ile bandari ya zamani, na hapa sina budi kusema jambo lingine. Honfleur na Le Havre katika karne ya 18 zilipeleka meli Afrika kununua watu. Utajiri wa sehemu ya nyumba hizi umetoka huko. Na Wafaransa wa zama hizo walifika mpaka kwetu: mwaka 1776 mfanyabiashara Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe visiwa vya mashamba kama Mauritius. Boudin alizaliwa biashara hiyo ikiwa imekwisha pigwa marufuku, na picha zake hazina habari hiyo. Mimi ninayo, na siwezi kuyatazama maji yale ya kijani yenye boti nyeupe kana kwamba sijui.

Makumbusho ya Eugène Boudin hufungwa Jumanne. Nilijua, nimeyapangia kesho. Jioni mwezi ulitoka nyuma ya mawingu mekundu. Nilimpigia baba mdogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huko maji vipi?"

Nikamwambia bamvua, na kwamba bahari ya hapa wakati wa bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 7. Alinyamaza muda mrefu. Kwetu haifiki 5. "Saba," akasema, "hapo mtu akikosea kutia nanga amekwisha." Nikamweleza habari ya mchoraji anayeandika upepo. Akasema, "Kesho nitumie picha moja, usiniambie kitu."

Jumatano, 8 Oktoba. Saa sita ya jua, Honfleur. Upepo wa kusini-magharibi, unazidi.

Lazima nieleze hiyo saa sita ya jua. Ufaransa leo hutumia saa moja na nchi za mashariki yake, na mpaka mwisho wa Oktoba huongeza tena saa moja ya kiangazi. Wakati wa Boudin kila mji ulifuata jua lake. Honfleur iko karibu kabisa na mstari wa Greenwich, kwa hiyo saa yake sita mchana siku hizi inaangukia karibu saa nane. Kama ningesimama gatini saa sita ya simu yangu, ningekuwa nimewahi kwa muda wa saa mbili nzima. Watu wa pwani ya Uswahilini wanaohesabu saa kuanzia jua kuchomoza wataelewa kwa nini jambo hili lilinihangaisha.

Basi asubuhi ilikuwa ya makumbusho. Jengo lenyewe limeunganishwa na kanisa dogo la zamani la watawa, na Boudin mwenyewe, pamoja na mchoraji mwenzake Alexandre Dubourg, walikuwa waanzilishi wake mwaka 1868. Mtu aliyekuwa bado anahangaika kuuza picha zake aliona mji wake mdogo unastahili makumbusho.

Pasteli nilizozijia ni vipande vidogo, vingine havizidi daftari la shule, karatasi ya rangi ya kijivu au udongo. Ni lazima niieleze mojawapo taratibu. Theluthi moja ya chini ni bahari, msitari mmoja wa buluu nzito na mwingine wa kijani, vimesuguliwa kwa kidole. Juu yake karatasi imeachwa wazi, haina rangi kabisa, na huo uwazi ndio umekuwa ukungu wa upeo wa macho. Kisha wingu: nyeupe imekandamizwa kwa nguvu upande wa kushoto mpaka unga wa pasteli umelundikana, na upande wa kulia mkono umelegea, nyeupe inakonda, inakuwa vumbi, inaisha. Macho yako yanasukumwa kutoka kushoto kwenda kulia. Nikanyoosha kiganja, mbali na kioo, nikafunika pale chini. Upepo ulikuwa kwenye ule mkono unaolegea.

Alijiandikia katika daftari kwamba anataka kuogelea angani, kuufikia ulaini wa mawingu, kuyaning'iniza mbali nyuma kwenye ukungu wa kijivu na kuifanya buluu ilipuke. Mchoraji mkubwa Camille Corot alimwita mfalme wa anga. Sawa. Lakini ninavyoona mimi, mfalme hukaa. Huyu ni mtumishi aliyetumwa kuangalia hali ya hewa akarudi na jibu sahihi.

Saa saba na nusu nikashuka gatini. Maji yalikuwa yamejaa pomoni. Mdomo wa Seine una tabia yake: maji yakishajaa hayageuki mara moja, husimama kwa muda wa saa mbili au tatu, vyombo vikapata nafasi ya kuingia na kutoka. Saa nane kasoro dakika moja nikainua uso. Nilitamani kaskazini-magharibi, kusema kweli nilitamani sana, niwe na siku ile ile ya Baudelaire. Sikuipata. Upepo ulikuwa nyuma ya bega langu la kushoto, wenye joto kidogo na unyevu, mawingu ya chini yakikimbilia ng'ambo ya mto, mengine ya juu yakiwa membamba kama pamba iliyochambuliwa. Nikapiga picha ya mashua ya uvuvi yenye bendera ikitoka, nguzo za gati, na anga. Nikaituma Pangani bila neno.

Jibu lilikuja kwa sauti baada ya nusu saa, na nimelisikiliza mara nyingi.

"Kwanza niambie, uso umeuelekeza wapi? Picha bila kujua umesimama vipi ni kama dira bila sindano." Nikamwandikia: kaskazini. "Basi bendera inakwenda kulia na inakukimbia kidogo. Upepo ni kusini-magharibi, na utazidi, tazama yale mawingu ya juu yanavyochanwa. Mvua usiku. Lakini kuna kitu kinanitatiza. Vivuli vya zile nguzo kwa urefu vinasema saa kumi alasiri. Vinakoelekea, vinasema saa sita. Kimoja kinadanganya."

Hakuna kilichodanganya. Huku, mwezi wa Oktoba, jua la saa sita halipandi juu kuliko jua la Pangani la saa kumi. Nimeishi Ufaransa miaka sita sijawahi kuliona hilo mpaka mzee aliyeketi kwenye kiti cha ukili Tanzania anionyeshe kwenye picha ya simu. Na papo hapo nikaelewa jambo moja kuhusu Boudin. Kwetu mchana jua hulipiga wingu kichwani, linakuwa jeupe tupu, umbo limepotea. Hapa jua huligonga wingu ubavuni mchana kutwa, upande mmoja fedha, upande wa pili kivuli, kila tumbo na kila bega linaonekana. Anga la hapa kuanzia vuli lina umbo kutwa nzima. Hakuhitaji kungoja magharibi.

Jambo la pili ni la upepo wenyewe. Kwetu kaskazi ikiingia inakaa miezi, na kusi vivyo hivyo. Ukitaja mwezi umetaja upepo. Hapa katika siku nne nimeuona ukizunguka. Ndiyo maana hakuridhika na tarehe. Ilimlazimu kuandika saa.

Alhamisi, 9 Oktoba. Saa 3 asubuhi, Trouville. Upepo wa kaskazini-magharibi.

Mvua ilinyesha usiku kama alivyosema. Nilipoamka dirisha lilikuwa likigongwa kutoka upande mwingine. Nikatoka na kidole nimekilowesha, sikuhitaji hata kukiinua: baridi, kavu, anga limefuliwa, mawingu makubwa yenye vitako vilivyolala sawa yakija moja moja kutoka baharini. Siku moja baada ya Baudelaire. Nimeuchukua hivyo hivyo kwa furaha.

Basi la pwani likanifikisha Trouville. Ufukwe wake unatazama kaskazini-magharibi, kwa hiyo upepo wa leo unakuja moja kwa moja usoni, na mchanga unatambaa chini kama moshi. Hapa ndipo Boudin alipopata riziki. Kuanzia miaka ya 1860 matajiri wa Paris walianza kumiminika, reli ilifika mwaka 1863, na yeye akawachora: wanawake wa magauni mapana kama mahema, wameketi kwenye viti juu ya mchanga, mbwa, vibanda vya kubadilishia nguo vyenye magurudumu, miavuli. Hata malkia Eugénie, mke wa Napoleon III, alimchora akipita na watu wake. Ni picha ndogo za mlalo, watu wamepangwa mstari mmoja chini, nyuso hazina macho wala pua. Theluthi mbili au zaidi ni anga. Bendera zote zinavuma upande mmoja, magauni yote yanavimba upande huo huo. Ukiondoa watu, picha inabaki. Ukiondoa upepo, haibaki.

Na aligombana na nafsi yake kwa ajili yao. Mwaka 1867, aliporudi kutoka Bretagne, nchi ya mkewe Marie-Anne, alimwandikia rafiki yake Martin kwamba baada ya mwezi mzima na watu wa kazi ngumu, mkate mweusi na maji, ufukwe huu uliomfurahisha zamani sasa anauona ni maigizo ya kuchukiza, na hao matajiri ni kupe waliopakwa dhahabu. Mtu anaona aibu kuwachora. Mwaka uliofuata akamwandikia rafiki huyo huyo kwamba wakulima wana wachoraji wao, na hawa nao, wanaotembea pwani jua linapozama, je, hawana haki ya kuchorwa, kutolewa nje kwenye mwanga? Naipenda barua ya kwanza kwa hasira yake, lakini ya pili ndiyo iliyonikaa. Mwanga hauchagui, na yeye aliuchukua ulivyo.

Halafu alifanya haki kimyakimya. Nenda kando ya mto Touques, unaotenganisha Trouville na Deauville, uone: hapa alichora wafuaji wakiwa wamepiga magoti kwenye matope maji yakipwa, migongo imeinama, safu ya madoa meusi na meupe, tena na tena kwa miaka mingi. Wale hawakununua picha. Soko la samaki bado liko kwenye ukingo ule ule. Nilinunua kamba wadogo wa kijivu kwenye karatasi, nikawala nimesimama, wa moto bado, chumvi tupu.

Saa sita ya simu nikavuka Touques kwa mashua ndogo ya abiria, kwa kuwa maji yalikuwa yamejaa. Maji yakipwa mashua haipiti, mnavuka kwa miguu kwenye njia ya mbao mtoni. Sijui kama wageni wengine walilifurahia hilo kama mimi. Mji ambao bahari ndiyo inayoamua uvukeje, mimi huo naujua.

Deauville ni mji wa kupangwa, nyumba za fahari, hoteli, farasi. Boudin alijijengea nyumba hapa mwaka 1884, fedha zilipoanza hatimaye kuingia. Mkewe alifariki 1889. Mwaka 1892 serikali ilimpa nishani ya Légion d'honneur. Baridi na maradhi vilimfanya akimbilie kusini, Antibes na Venice, akachora huko maji yenye jua kali, kazi nzuri sana. Lakini mwaka 1898, alipojua amefika mwisho, aliomba arudishwe huku afe akiitazama bahari yake. Wakamleta. Alifariki tarehe 8 Agosti. Amezikwa Paris, Montmartre, kando ya mkewe.

Alasiri nzima nilikaa mchangani Deauville, shuka la kitenge limenizunguka, nikaona maji yakiondoka mpaka watu waliokuwa wakiyafuata wakawa vijiti. Nikamtumia baba mdogo picha, safari hii nikaandika chini yake kama Boudin: tarehe, saa, upepo, na upande nilioelekea.

Akapiga. "Huyo mzungu wako," akasema, "baba yake baharia kweli?"

"Kweli, baba."

"Basi mbona hakuandika maji?"

Nilikuwa na jibu. Mwenye tarehe anaweza kuhesabu mwezi, na mwenye mwezi ana maji. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo, juu ya omo, nikiwa na miaka tisa. Nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Lakini wewe andika."

9 Oktoba, saa 12 na nusu jioni, Deauville. Upepo wa kaskazini-magharibi, unalegea. Maji yanapwa, bado kidogo yafike mwisho.